Somo: Kulirudishia fuvu la kale uso wake kwa siti-skani

Mwaka 2011 watafiti waliokota Napak, Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, fuvu la Ugandapithecus major, jamaa wa kale wa sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 20 iliyopita. Likapelekwa Ufaransa kuchunguzwa. Leo siti-skani, yaani mashine za eksirei zinazopiga picha kipande kwa kipande, zipo Kampala, na 3D Slicer, programu ya kuunganisha picha hizo kuwa umbo kamili kwenye kompyuta, ni ya bure. Kazi hii tuianze wenyewe, kwa mafuvu ya binadamu.

1. Kibali. Pitia idara ya makumbusho ya serikali, na uwashirikishe wenyeji wa pale mfupa ulipotoka. Bila hayo, usiguse.

2. Picha. Laza fuvu juu ya sponji. Taya la chini lipigwe picha peke yake. Vipande vya picha visizidi unene wa milimita 1. Omba faili zenyewe za kompyuta, maana filamu pekee haitakusaidia kitu.

3. Kusafisha kwenye kompyuta. Mashine hupima jinsi kila kitu kinavyozuia mionzi na kukipa namba: hewa ni -1000, maji 0, mfupa uko juu yake. Shida ni udongo ulioganda ndani ya fuvu. Namba zake huweza kukaribia za mfupa, programu ikavichanganya. Utaufuta udongo huo kwa mkono, kipande baada ya kipande. Usiharakishe. Upande uliovunjika hujazwa kwa kugeuza upande mzima kama kwenye kioo.

4. Nyama. Kwenye fuvu la kompyuta, panda vigingi, yaani alama za kuonyesha unene wa nyama kila mahali, jenga misuli ya kutafuna, kisha ngozi. Hapa ndipo nyuso nyingi za Kiafrika zinaharibiwa: vipimo vingi vilivyochapishwa vimetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani. Ukivitumia bila kufikiri, utamvisha mtu wa Bunyoro pua na midomo ya mgeni. Tafuta vipimo vya Waafrika, na uandike wazi ni vipimo gani ulivyotumia.

Maswali

Mwalimu, rangi ya ngozi na nywele mnazijuaje?
Mfupa hausemi. DNA husaidia, lakini kwenye joto letu huoza upesi. Mimi huuacha uso bila rangi wala nywele. Mwaka 2005 timu tatu zilijenga uso wa Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, kutokana na siti-skani yake, moja bila kuambiwa ni nani. Umbo la jumla lilifanana, pua zikatofautiana.

Mionzi haidhuru mfupa?
Mfupa wenyewe haudhuriki. Lakini mionzi huweza kuidhuru DNA, kwa hiyo kama unaitaka, chukua sampuli kabla ya kupiga picha.

Tumefukua fuvu shambani, Luweero. Tulilete?
Hapana, ndugu yangu. Lifunikeni hapohapo, mwiteni mwenyekiti wa kijiji (LC1) na polisi. Kwenu watu wengi walikufa katika vita vya 1981 hadi 1986, na huyo huenda ana watoto ambao bado wanamtafuta.