Bingo ya vitabu na mabeshte, vile tunaicheza
Chukueni karatasi mchore viboksi 9, tatu kwa tatu, alafu kila boksi iandikwe aina ya kitabu: mashairi, riwaya ya Kiswahili, kitabu kimekushinda umri, cha mtumba kutoka kando ya barabara huko tao, cha kuazima. Hiyo ya kuazima msiiruke jamani, endeni maktaba ya Kaloleni ama Makadara, zote ni matawi ya McMillan, ile maktaba kubwa ya Nairobi iliyofunguliwa 1931.

Ukimaliza kitabu unaweka tiki, wa kwanza kupata mstari ameshinda. Mpeane miezi mitatu, mmoja ni kukimbizana tu.

Lakini kabla ya tiki lazima mtu aeleze ni mhusika gani alimkera na kwa nini, hapo ndio mimi napenda zaidi, stori zinashika mpaka chai inapoa.