Familia ya wakimbizi imehamia ploti yenu? Anzieni kwa jumuiya

Watu wananiuliza sana vile jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki huku Kayole, Nairobi, ilianza kusaidia familia za Wakongo, basi nitaandika vile tulifanya, pamoja na makosa yetu, maana tulianza vibaya.

Mjue kwanza mna kitu mashirika mengi hayana. Jumuiya inakutana kila wiki nyumba kwa nyumba, watu kama 15 hivi, na mnajua ni nani leo hajawasha jiko. Msikimbilie kuitisha mchango. Tumeni watu wawili, afadhali mama mmoja na mzee mmoja, waende kusalimia tu, wakae, waulize habari, simu ibaki mfukoni. Picha ni mwiko kabisa, kuna watu walitoroka watu wabaya na bado wanatafutwa, halafu wewe unaposti uso wake ndio tuone umebarikiwa kutoa.

Sisi tulibeba nguo na unga. Mama akashukuru sana, wiki mbili baadaye tunapata unga uko pale pale kwa kona haujafunguliwa, kumbe hana makaa wala sufuria ya maana, na aliona aibu kusema. Shida yake kubwa ilikuwa kodi ya nyumba. Tungeuliza tungejua! Na muongee polepole, Kiswahili cha Bukavu, kule Kongo, na cha Kayole ni ndugu ila hawakulelewa nyumba moja.

Kwa hiyo kodi, mia mia kila Jumapili kwa watu 15 ni kama 6,000 kwa mwezi. Lipeni landilodi moja kwa moja kwa M-Pesa, mtu mmoja aandike kila shilingi, na mseme tangu siku ya kwanza kwamba ni miezi mitatu. Mkiacha hivi hivi, mwezi wa nne watu wamechoka, wanaanza kukwepana njiani, na inauma kuona mtu mliyekuwa mnasali naye anavuka barabara ndio msisalimiane.

Makaratasi sasa. Usajili uko chini ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, hapa Nairobi watu huenda Shauri Moyo. Msindikizeni, nauli mlipe, lakini hadithi yake aiseme mwenyewe. Usajili ni bure, huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ni bure, kwa hivyo mtu akisema ana njia ya kuwapeleka Kanada kwa elfu kadhaa, hata kama ni pasta, huyo ni mwizi. Mkiomba padri awaandikie barua ya kuwatambulisha, iseme tu huyu tunamjua anaishi hapa, basi. Wengi wamesajiliwa kwa kambi za Kakuma au Dadaab na kukaa Nairobi kunataka ruhusa, mkikwama hapo msibahatishe, pelekeni kwa shirika linaitwa Kituo cha Sheria, wana wanasheria wa mambo ya wakimbizi.

Kila mtu hunitajia Mathayo 25:35, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha". Sawa, lakini someni tena, hapo hakuna sharti la kuwa memba. Unga usigawiwe baada ya ibada, na msihesabu nani alikuja misa. Familia ya pili tuliyopata ni Waislamu, tukaenda kwa imamu wa msikiti wa karibu, akatuambia kati ya makundi 8 yanayostahili zaka msafiri aliyekwama yumo, wao wakachukua kodi sisi tukachukua yunifomu za watoto. Yaani stori ya dakika kumi nje ya msikiti, na sisi tulikuwa tunafikiria kuunda komiti.

Kitu kingine, zamu ya nyumba kwa nyumba ikifika msiwaruke eti ni maskini. Wekeni jina lao kwa ratiba. Siku ya yule mama tulikalia ndoo na mitungi, akatupikia fufu na sombe, ugali wa kwao na majani ya muhogo, na mzee wetu, yule alikuwa anapinga mchango mwanzoni, akaomba ya kubeba.