Namna ya Kuusoma Wasifu wa Kocha wa Kiholanzi Kabla ya Kumpa Mkataba

Wasifu wa kocha wa kigeni kwa kawaida humfikia kiongozi wa klabu kupitia kwa wakala, nao huwa umepangwa ili uvutie: makombe yako juu, majina ya klabu kubwa yamekolezwa wino, na vipindi alivyokaa bila kazi havionekani popote. Tangu Mashujaa ya Kigoma na Tabora United zilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2023/24, suala la kumchagua kocha limeacha kuwa la watu wa Dar es Salaam peke yao, na ndiyo maana mwongozo huu umeandikwa kwa viongozi na wanachama wa klabu za huku magharibi. Nimewachukua Waholanzi kuwa mfano kwa sababu wanafundisha kila pembe ya dunia, na kwa sababu Tanzania imewaona kwa macho yake: Ernie Brandts na Hans van der Pluijm walipita Yanga, na Mart Nooij aliinoa Taifa Stars.

Anza kwa kuchana karatasi pana ya kaunta buku, uilaze, kisha uipige mistari ya safu tano: mwezi na mwaka alioingia, mwezi na mwaka alioondoka, alichokikuta, alichokiacha, na watu aliokaa nao kwenye benchi la ufundi. Makombe usiyape safu yake. Yataingia yenyewe katika safu ya nne, na huko yatasomwa pamoja na mambo yaliyoyazaa.

Sisitiza miezi, kwa kuwa mwaka mtupu huficha mengi. Mtu akiandika kwamba alikuwa Real Madrid "1998–1999", msomaji wa haraka atahesabu miaka miwili. Kocha Mholanzi Guus Hiddink aliingia pale katika kiangazi cha 1998, akatwaa Kombe la Mabara (Intercontinental), la bingwa wa Ulaya na wa Amerika Kusini, mjini Tokyo mwezi Desemba kwa kuifunga Vasco da Gama mabao 2-1, na Februari 1999 alikwisha kufukuzwa. Kombe ni la kweli na kutimuliwa ni kwa kweli. Mstari mmoja wenye miezi unaonyesha yote mawili, ilhali wasifu wa wakala utaonyesha moja.

Safu ya tatu, ya kile alichokikuta, ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Hebu mfuate Hiddink huyohuyo hadi Korea Kusini, alikoanza kazi mwaka 2001. Mwaka huo timu yake ilifungwa mabao 5-0 na Ufaransa, ikafungwa tena 5-0 na Jamhuri ya Czech, na Wakorea wakambandika jina la utani linalotokana na matokeo hayo. Katika klabu nyingi ninazozifahamu, kipigo cha pili cha namna hiyo kingetosha kumfungashia virago. Shirikisho la Korea halikumfukuza. Lilimpa wachezaji kwa kambi ndefu ambazo klabu za nchi nyingi zisingekubali, na likamwacha alete wasaidizi wake. Mwaka 2002, katika Kombe la Dunia lililochezwa nyumbani, timu ileile iliifunga Ureno, ikaitoa Italia kwa bao la dhahabu, yaani lile linalomaliza mechi papo hapo katika muda wa nyongeza, la Ahn Jung-hwan, ikaitoa Hispania kwa penalti, na kusimama katika nusu fainali mbele ya Ujerumani. Katika safu ya tatu utaandika basi: kambi ndefu, subira ya waajiri, mashindano ya nyumbani. Baada ya hapo jiulize, bila kujidanganya, ni kipi kati ya hivyo vitatu klabu yako inaweza kumpa kocha. Ikiwa jibu ni hakuna, kutajwa kwa nusu fainali ile hakukuhusu.

Nigeria inatoa funzo la aina hiyo kwa upande wa muda. Clemens Westerhof aliichukua timu ya taifa mwaka 1989, akawa wa pili katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1990, wa tatu mwaka 1992, na bingwa mwaka 1994 nchini Tunisia. Msaidizi wake Jo Bonfrere, naye Mholanzi, aliiongoza Nigeria kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya 1996. Ukiyaangalia makombe pekee utaona mafanikio ya makocha wawili. Ukiitazama karatasi utaona kazi moja iliyolelewa kwa miaka saba, na hapo ndipo safu ya tano inapoanza kuwa na maana.

Safu hiyo ya benchi watu huiruka, nami naiona kuwa kosa kubwa. Van der Pluijm alipofika Tanzania mapema mwaka 2014 hakuwa mgeni wa Afrika, kwa kuwa alikuwa amefundisha klabu za Ghana kwa miaka mingi. Alimaliza msimu huo nyuma ya Azam, akaenda Saudi Arabia, akarudi Yanga msimu uliofuata, kisha akatwaa ubingwa wa 2014/15 na wa 2015/16. Aliporudi alikuwa na Charles Boniface Mkwasa pembeni yake, mtu aliyeijua Yanga tangu akiwa mchezaji wake, na alikuwa na washambuliaji wa kumaliza kazi: Simon Msuva aliongoza kwa mabao msimu wa kwanza, na Amissi Tambwe, Mrundi, jirani yetu kabisa huku Kigoma, akaongoza msimu wa pili. Mwaka 2016 Yanga hiyo ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika na kushika mkia katika kundi lake. Kocha alikuwa yuleyule, lakini uzito wa wapinzani ulikuwa umebadilika. Mwulize kocha wako ni kocha mzawa yupi atafanya naye kazi, na umwambie mapema kama klabu imeshamwajiri msaidizi.

Angalia pia alichokiacha na nani alikuwa akilipa. Hiddink aliiongoza Anzhi ya Makhachkala kushika nafasi ya tatu katika ligi ya Urusi msimu wa 2012/13, akaondoka Julai 2013, na mwezi uliofuata mwenye klabu akapunguza bajeti na wachezaji ghali wakauzwa. Nafasi ya tatu ilikuwa imesimama juu ya mfuko wa mtu mmoja. Anzhi ina jambo jingine linalotugusa: wachezaji wake waliishi na kufanya mazoezi Moscow, wakawa wanaruka kwa ndege kwenda Makhachkala kucheza mechi za "nyumbani". Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na timu ya hapa haiwezi kuishi kwa ndege. Kwa hiyo mwulize mwombaji wazi kama amewahi kupanga mazoezi ya timu inayosafiri kwa basi siku nzima na kucheza baada ya siku mbili, na asikilizwe anavyojibu kuhusu kupumzisha miili ya wachezaji, chakula cha njiani na ukubwa wa kikosi cha safari. Anayeijua kazi hiyo atataja mambo madogomadogo. Asiyeijua atazungumzia falsafa ya Ajax, klabu kubwa ya kwao Uholanzi.

Sababu ya kuondoka iandikwe kwa penseli mpaka ithibitishwe na upande wa pili. Nooij aliondolewa Taifa Stars mwezi Juni 2015, mara baada ya kufungwa 3-0 na Uganda mjini Zanzibar. Mtu huyohuyo ndiye aliyeifikisha Msumbiji katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2010. Mpigie simu katibu wa klabu aliyotoka, na umpigie pia mchezaji mmoja wa zamani ambaye hakuwa kipenzi cha kocha huyo.

Mambo ya ofisi hayahitaji maneno mengi. Omba nakala ya leseni, na daraja la juu kabisa kwa Ulaya ni UEFA Pro. Thibitisha na TFF, shirikisho la soka nchini, kwamba leseni hiyo inakubalika kwa ligi unayocheza. Kibali cha kazi na kibali cha ukaazi vishughulikiwe kabla hajapanda ndege, kwa maana kocha anayekaa jukwaani akisubiri karatasi analipwa mshahara uleule.

Katika mkataba, kifungu cha kuvunja makubaliano kiandikwe kwa idadi ya miezi ya mshahara, na lengo la msimu litajwe kwa nafasi katika msimamo wa ligi. Karatasi ya safu tano ibandikwe nyuma ya nakala ya mkataba huo na isainiwe na kila aliyepiga kura kikaoni, ili siku kamati ikikutana kujadili vipigo vitatu mfululizo, mezani kuwe na maandishi ya kile mlichojua mlipomchagua.