Kusimamia kundi la madevelopa Telegram: spamu itoke, wenye kazi zao wabaki

Kundi lisiposimamiwa linaharibika kwa namna ile ile kila mahali. Asubuhi inatua linki ya "odds za uhakika", mchana "ajira ya nyumbani, lipia kwanza ada ya usajili", na kufika jioni kijana aliyeuliza kwa nini API yake (njia ya programu kuongea na programu nyingine) inarudisha 403, yaani kukataliwa ruhusa, hajajibiwa, maana swali lake limeshafunikwa. Wenye majibu hawalalamiki. Wanazima arifa za kundi na kuendelea na kazi zao, na kuwarudisha ni kazi ngumu. Nimeandika hatua hizi kwa kufuata Telegram, kwa sababu ndiko ninakosimamia.

1. Tenganisha spamu na kujitangaza

Spamu haijali imeingia kundi gani. Ujumbe ule ule unatumwa kwa wauza magari na kwa wafugaji wa kuku. Kujitangaza ni jambo jingine: mwenzenu ametengeneza kitu, anataka kionekane. Ukiwapa wote adhabu moja utampoteza huyu wa pili, na kundi lilianzishwa kwa ajili yake.

2. Mlango

Linki ya mwaliko iwe ya kuomba kujiunga, admini akubali. Ondoa ruhusa ya wanakundi kuingiza watu wengine. Weka kikomo cha sekunde 30 kati ya ujumbe mmoja na mwingine. Mazungumzo ya kawaida hayaumii. Kundi likizidi watu 200, washa kichujio kikali cha Telegram chenyewe, lakini pitia kila siku orodha ya matendo ya admini, kwa sababu kichujio hicho hufuta hata ujumbe halali na orodha yenyewe inahifadhi saa 48 tu.

3. Boti

Boti ni programu inayosoma ujumbe wa kundi na kuufuta yenyewe. Nyingi za kujitengenezea zinatafuta "http" ndani ya maandishi na kuishia hapo. Hazioni linki iliyofichwa chini ya neno. Mtu anaandika "bofya hapa", maandishi hayana anwani yoyote, anwani imekaa kwenye `entities`, sehemu ya data inayoambatana na ujumbe, kama `text_link`. Kagua `url` na `text_link` zote mbili, na kwa picha au video angalia `caption_entities`, yaani data ya maelezo yaliyo chini yake.

Mtego wa pili ni kuhariri. Akaunti mpya inaandika "Asanteni kwa kunipokea", boti inaiacha, kisha baada ya muda ujumbe ule ule unageuzwa kuwa tangazo la sarafu za mtandaoni. Boti yako isipopokea `edited_message`, taarifa ya ujumbe uliohaririwa, haitajua kitu.

Angalia pia `until_date`, muda wa kuisha adhabu, unapomnyamazisha mtu. Inataka muda wa Unix (sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1970), si idadi ya sekunde za adhabu. Ukiiandikia 3600 ukidhani ni saa moja, Telegram inasoma mwaka 1970, na muda usiofika sekunde 30 kutoka sasa inauhesabu kuwa wa milele. Mgeni aliyekosea kidogo anafungwa mdomo moja kwa moja, wala hana pa kuuliza.

Anayeingia leo mzuie kutuma linki kwa siku moja. Boti haiwezi kufuta ujumbe uliopitisha saa 48, kwa hiyo lazima awepo binadamu anayepita nyuma yake.

4. Kupima anayejitangaza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Swali langu ni moja: msomaji asipobofya linki, asipolipa, asipojiunga popote, je, amepata kitu? "Nimeandika maktaba ya kupokea majibu ya malipo ya simu, nilikwama kwenye majibu yanayokuja mara mbili, nimetatua hivi" inabaki, hata kama chini yake kuna linki ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana kodi. "Kozi mpya ya Python, nafasi chache, wahi!" inatoka.

Sharti la pili ni kusema wazi. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya madevelopa, wanadai kwamba ukipendekeza kitu chako, utaje kuwa ni chako, nami naona ni sharti la haki. Anayejifanya mteja aliyefurahishwa na programu aliyoiandika mwenyewe anadanganya wenzake, hata programu ikiwa nzuri.

Kisha wape pa kuonyesha. Fungua mada ya "Kazi zetu" ndani ya kundi, linki zikae huko, na nyie maadmini muwe wa kwanza kujaribu na kutoa maoni. Mada isiyojibiwa na mtu hugeuka jalala, na watu watarudi kutupa linki kwenye maswali.

5. Kufuta

Spamu futa kimya: ondoa akaunti pamoja na ujumbe wake wote, usiitangaze. Kwa mwenzenu andika faragha, kabla hajahisi ameaibishwa:

"Habari kaka, nimeondoa tangazo lako la kozi. Ukiandika somo moja fupi kutoka humo, na useme ni kozi yako, liweke kwenye Kazi zetu. Nitalisoma."

Akirudia, mnyamazishe kwa siku chache. Akirudia tena, atoke. Maadmini wote wafuate ngazi hizo hizo, na rafiki wa admini asipewe ngazi yake.

6. Usizawadie idadi

Hacktoberfest, tukio la kila Oktoba la kuhamasisha watu kuchangia kodi huria, mwaka 2020 ilitoa fulana kwa waliotuma michango minne, na miradi mingi ya GitHub ikafurika mabadiliko ya neno moja kwenye README, faili la maelezo ya mradi. Waandaaji walilazimika kubadili kanuni mwezi ukiwa umeshaanza, ihesabiwe tu michango ya miradi iliyokubali kushiriki. Shindano la "alete watu wengi zaidi" litakuletea hayo hayo.

7. Wanaojifanya admini

Matapeli hunakili jina na picha yako, kisha huwafuata wageni faragha. Bandika juu ya kundi: "Admini anaweza kukuandikia kuhusu ujumbe wako. Hataomba pesa, namba ya siri wala tarakimu za kuingia. Ukiombwa, piga picha ya skrini uitume hapa kundini."