SOMO: Kusoma majibu ya damu na hatari ya moyo kwa mwenye baridi yabisi

Habari wakuu. Swali ni lilelile kila wiki: "CRP yangu iko juu lakini lehemu iko chini, moyo wangu si uko salama?" (CRP ni kipimo cha damu kinachoonyesha mchochota mwilini; lehemu ni kolesteroli.) Nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Baridi yabisi ninayoizungumzia ni ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, yaani RA, si ya magoti kulika kwa umri. Mwenye RA ana hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa takriban mara moja na nusu ya mtu asiye nayo. Mchochota unaovimbisha vidole hauishii vidoleni, unakera pia kuta za mishipa ya damu.

Hatua ya 1. Kusanya majibu ya CRP, ESR (kipimo kingine cha mchochota), lehemu yote pamoja na HDL (lehemu nzuri), LDL (lehemu mbaya) na triglisaridi (mafuta mengine ya damu), sukari, kreatinini (kipimo cha figo) na picha kamili ya damu. Andika na presha yako.

Hatua ya 2. Angalia kizio. CRP ya 2.4 mg/dL ni 24 mg/L. Lehemu ya mmol/L zidisha kwa 38.67 upate mg/dL. Triglisaridi zidisha kwa 88.57, usitumie namba ya lehemu.

Hatua ya 3. Linganisha tarehe za vipimo na hali ya ugonjwa. Someni hapa taratibu, maana hata mimi niliwahi kuikosea hatua hii. Ugonjwa unapoamka, lehemu hushuka. LDL inashuka na HDL inashuka, kwa sababu mwili unaiondoa lehemu kwenye damu haraka kuliko kawaida. Mtu anaona karatasi nzuri, anafurahi, kumbe ndicho kipindi mishipa yake inaumia zaidi. Akipata dawa inayomfaa, vidole vinakunjuka na lehemu inapanda, naye anaanza kuilaumu dawa.

Tuchukue mfano. Mtu amepimwa viungo vikiwa vimevimba: CRP 48 mg/L, lehemu yote 3.6, HDL 0.8, triglisaridi 1.3 (hizi tatu kwa mmol/L). LDL yake kwa hesabu ni 3.6 toa 0.8 toa (1.3 gawa kwa 2.2), yaani 2.2. Miezi kadhaa baadaye ametulia: CRP 4, lehemu yote 5.0, HDL 1.25, triglisaridi ileile. Sasa LDL ni 3.2. Ukitazama LDL peke yake utasema ameharibika. Gawa lehemu yote kwa HDL: mwanzo 3.6 kwa 0.8 ni 4.5, sasa 5.0 kwa 1.25 ni 4.0. Uwiano umeshuka, yaani umekuwa bora. Ndiyo maana kwa RA uwiano unaaminika kuliko namba moja moja.

Tahadhari zangu ni hizi. Lehemu ya kukadiria hatari ipimwe ugonjwa ukiwa umetulia. Ikiwa umepimwa ugonjwa ukiwa umeamka, andika pembeni "ugonjwa umeamka" na urudie baadaye. Usiache dawa ya viungo kwa sababu LDL imepanda. Hiyo LDL inatibika bila kuuamsha ugonjwa. Na triglisaridi zikizidi 4.5 mmol/L, ile hesabu ya kugawa kwa 2.2 haifai tena, omba LDL ipimwe moja kwa moja.

Hatua ya 4. Usitumie viwango vya moyo vya CRP nyeti, yaani ile inayopimwa hadi viwango vidogo sana (chini ya 1, 1 hadi 3, zaidi ya 3 mg/L) kama mtu asiye na RA. Kwako CRP inasema kwanza habari za viungo. Yenye maana ni CRP inayobaki juu mwezi baada ya mwezi; iliyopanda siku moja kwa sababu ya mafua haihesabiki.

Hatua ya 5. Kadiria hatari ya miaka 10 kwa kikokotoo anachotumia daktari wako, kisha zidisha kwa 1.5 kama kikokotoo hakiulizi RA. Asilimia 6 inakuwa 9. Kikokotoo cha QRISK3, cha Uingereza, tayari kinaiuliza RA, hiyo usiizidishe tena.

Hatua ya 6. Rudia makadirio angalau kila miaka 5, na kila unapobadilishiwa dawa kubwa.

---

Kifundo: Sijasoma yote mkuu, ila CRP yangu ni 3. Ni mbaya?

Mleta mada: 3 ya nini? Hatua ya 2.

Dada Nuru: Ahsante kwa somo. Natumia tosilizumabu kwa RA yangu, CRP yangu 0.4 mg/L lakini vifundo viwili bado vimevimba. Niamini kipi?

Mleta mada: Amini vifundo, dada. Ini hutengeneza CRP likiamrishwa hasa na interlukini-6 (kemikali ya kinga inayochochea mchochota), na dawa yako inaziba njia hiyohiyo. CRP inaweza kuwa karibu na sifuri na mchochota ukaendelea. Hata maambukizi yanaweza kujificha, kwa hiyo homa au kikohozi usivipuuze kwa kuwa CRP ni safi. Dawa hiyo pia hupandisha LDL, kwa hiyo lehemu irudiwe wiki 4 hadi 8 baada ya kuanza.

Mzee wa Takwimu: ESR 62, CRP 5. Inawezekanaje?

Mleta mada: Swali zuri, mzee wangu. Angalia himoglobini kwanza: upungufu wa damu huipandisha ESR bila mchochota kuongezeka. Umri nao huipandisha. Kisha kuna kasi: nusu ya CRP huondoka kwenye damu kwa kama saa 19, ESR huchukua wiki kushuka. Huenda ESR yako bado inasimulia ya mwezi uliopita.

Jembe: Kwa hiyo niache statini yangu ya kushusha lehemu, maana lehemu yangu ni 3.6 tu?

Mleta mada: Sijaandika hivyo popote. 3.6 ndiyo namba ya mfano wa mtu ambaye ugonjwa umeamka. Rudia hatua ya 3 na usiache dawa bila daktari wako.

Tulia: RF yangu imeshuka kutoka 180 hadi 90. Hatari ya moyo imepungua nusu?

Mleta mada: Hapana. Kuwa na RF au anti-CCP (kingamwili zinazopimwa kwenye RA) juu huendana na hatari kubwa zaidi ya moyo, lakini hatari haipungui kwa kugawanya namba. Ukishajua unayo, hakuna haja ya kuipima kila mara.

Fundi Maabara: Niongeze hapo. RF ikiwa juu sana inaweza kuingilia baadhi ya vipimo vya troponini (kinachoonyesha kuumia kwa misuli ya moyo) na kutoa majibu ya juu ya uongo. Na wanaomeza vitamini ya biotini kwa wingi kwa ajili ya nywele na kucha, semeni kabla ya kutolewa damu. Kwenye baadhi ya mashine inashusha troponini kwa uongo.

Mleta mada: Ongezo muhimu sana. Lakini jamani, kifua kikibana mtu aende hospitali saa hiyohiyo. Kupima ukweli wa troponini ni kazi ya daktari, atairudia baada ya saa chache aone kama inapanda.

Dada Nuru: Na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu? Nina upungufu wa damu na namaliza prednisoloni.

Mleta mada: Ukikosa madini ya chuma, HbA1c inaweza kupanda kwa uongo. Seli nyekundu zikivunjika mapema, jambo ambalo salfasalazini (dawa ya RA) inaweza kulisababisha, inashuka kwa uongo. Prednisoloni ni steroidi, hupandisha sukari; ukiimeza asubuhi, pima sukari mchana au jioni. Ya kabla ya kula asubuhi inaweza kuwa nzuri huku ya jioni iko juu.