Binti wa nyumbani Dodoma akipata shida ya mimba, nawe uko ughaibuni

Simu iliniamsha saa nane usiku hapa Birmingham. Dodoma ilikuwa alfajiri, nasikia adhana ya Nkuhungu nyuma ya sauti ya mpwa wangu: "Mamdogo, dada anatoka damu nyingi." Dada mtu alikuwa kwenye mkeka, kanga ya pili imeshaloa, na hakuna aliyethubutu kumpeleka hospitali kwa kuogopa polisi. Nami nikapoteza karibu nusu saa nikiuliza mimba ni ya nani na amekunywa nini. Alipona, lakini ile nusu saa bado inaniuma.

Ndiyo maana naanza na hili: tuma pesa ya usafiri na matibabu kwanza, maswali yatafuata. Tuma kwa simu ya mtu aliye naye pale pale. Akilowesha pedi mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, akiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu, au akizimia, aende usiku huo huo. Huduma baada ya mimba kuharibika, ikiwemo kusafishwa kizazi, ni matibabu halali Tanzania, iwe mimba imetoka yenyewe au imetolewa. Daktari aambiwe ukweli wa alichomeza au alichowekewa, maana matibabu yanategemea hapo. Wetu walipofika hospitali, muuguzi alianza kumhoji binti kwenye korido mbele ya watu. Basi mtume mtu mzima asiyeyumba, shangazi au jirani, aombe faragha na asiondoke mpaka binti ahudumiwe.

Sasa sheria. Huku Uingereza, kwa sheria ya 1967 kama ilivyorekebishwa baadaye, mwanamke anaweza kutoa mimba hadi wiki 24 kwa idhini ya madaktari wawili. Usidhani uhuru huo unasafiri nawe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi 7, na anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika hivyo hadi 3. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo usimtumie mtu vidonge kwenye kifurushi wala kwenye begi la msafiri, hata akikulilia. Utamwingiza matatani, nawe utamwacha peke yake na damu.

Vya halali vya kusaidia ni vingi. Kijiti, sindano na kitanzi vya kuzuia mimba hupatikana kwenye vituo vya serikali. P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema, ndani ya saa 72 baada ya tendo. Akibakwa, afike kituo cha afya ndani ya saa hizo hizo kwa dawa za kuzuia VVU, na dawati la jinsia la polisi litampa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Na aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi tangu mwishoni mwa 2021. Mlipie sare, mtie moyo.

Mimi naamini sheria hii ibadilike. Maneno yake yana mizizi kwenye sheria ya Waingereza ya 1861, nao wenyewe walishailegeza. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake, unaotaka utoaji mimba wa kitabibu uruhusiwe kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, au pale afya au uhai wa mama ukiwa hatarini. Vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu bado viko vile vile, na wa kuvibadili wanakaa pale pale Dodoma, bungeni. Mwandikie mbunge wa jimbo la kwenu, iwe Kongwa, Bahi au Mpwapwa. Taja vifungu hivyo na ibara ya 14 ya Itifaki, kisha mweleze kilichompata binti wa kwenu bila kumtaja jina. Muswada ukifika kwenye kamati na wadau wakaitwa kutoa maoni, barua yako iwe imeshatangulia.