Somo: kugeuza herufi za brashi kuwa fonti kwa Inkscape na FontForge

Wakuu, salaam. Kazi yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa kugeuza herufi nilizochora kwa brashi, mtindo wa vibao vya vinyozi, ziwe fonti ya kuandikia kwenye kompyuta. Programu zote mbili ni za bure: Inkscape ni ya kuchora, FontForge ni ya kutengeneza fonti. Niliharibu na kuanza upya mara mbili, kwa hiyo naandika zaidi pale nilipoumia.

1. Chora. Usianze na A. Anza na n, o, H na O. Ukiipata n, sura ya h, m na u umeshaijua. Ukiipata o, umeshika b, d na p. Piga mistari minne kwa penseli: msingi, kimo cha herufi ndogo, kimo cha herufi kubwa, na chini kabisa inapoishia mikia ya g na y. O ipite mistari kidogo, juu na chini. Ukiibana ilingane na H, jicho litaiona imesinyaa hata kama rula inakataa.

2. Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Huna skana? Piga picha kwa simu mchana, karatasi ikiwa ukutani na simu imenyooka mbele yake.

3. Fuatisha. Inkscape inaweza kukufuatishia picha yenyewe, nami kwa uvivu nikaiachia. Herufi s ikarudi na nukta za kushikilia mstari zaidi ya sitini, kila mtetemo wa mkono umo. Nikafuta zote. Weka picha chini, chora juu yake kwa kalamu ya Bezier (kifaa cha Inkscape cha kuchora mikunjo), nukta zikae pale mkunjo unapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto na kulia kabisa, na vishikio vyake (vijiti vya kuvuta mkunjo) vilale au visimame wima. s yangu ikabaki na nukta kumi na kitu, na ikalainika.

4. Ingiza. Kila herufi na faili lake la SVG (mchoro wa mistari), kila faili kwenye kisanduku chake ndani ya FontForge. Kimo cha fonti weka vipimo 1000.

5. Nafasi. Hapa nilikaa wiki tatu, kuchora kulichukua moja. Andika nnnn, kisha oooo, kisha nonono, mpaka weupe kati ya herufi uonekane sawa. Pembeni mwa o huhitaji nafasi ndogo kuliko pembeni mwa n. Halafu jaribu kwa maneno yetu. Ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha na mbwa ina herufi zote, lakini haina kw, ny wala ng', na sisi hizo tunaziandika kila mstari. Mimi nilitumia "wanywaji wa kwanza, nyavu za wavuvi, ng'ombe wa Wayao". Pengo la Wa na Ya litakukera; lizibe kwa kusogeza jozi za herufi moja moja, ila baada ya nafasi za kawaida kutulia. Ukitanguliza jozi hutamaliza.

6. Toa faili la OTF (fonti iliyo tayari), lisakinishe, chapa kwenye karatasi kwa ukubwa wa 12 na wa 48. Kioo cha kompyuta kinaficha mengi.

MASWALI

Mkuu, a, d na o zangu zimejaa weusi ndani, tundu halionekani. Nimekosea wapi?
– Mstari wa nje na wa ndani vinazunguka upande mmoja. Chagua herufi zote, tumia amri ya FontForge ya kusahihisha mwelekeo. Tundu litafunguka.

Kaka, nikiandika ng'ombe kwenye Word, ile alama inatoka kwa fonti nyingine kabisa.
– Mimi iliniaibisha siku ya kuwasilisha! Word hubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda ina kisanduku chake, namba U+2019. Chora zote mbili. Iliyopinda isogeze karibu na g, isielee katikati kama imepotea njia.

Je, naweza kuchukua herufi za kibao cha fundi mtaani?
– Mimi nilimfuata fundi, nikamwonyesha, akakubali, jina lake likaingia kwenye maelezo ya fonti. Aliniuliza jambo moja tu: kwa nini R nimeipunguza tumbo. Nikairudisha.